Bega la Kushoto

Ukizitazama picha za watu wa Nyeri wa miaka ile ya mwanzo wa uhuru, utadhani wote walitoka nyumba moja. Si kwa nyuso, maana kila mmoja alikuwa na uso wake. Ni koti. Baba wa huyu kavaa koti la buluu iliyokoza, kola pana, vifungo vya pembe. Mjomba wa yule kavaa koti lilo hilo. Mwalimu, karani, mchuuzi wa ngozi, bwana harusi, wote koti lilo hilo. Wajukuu wao leo wanazitundika ukutani na kuringa, "Babu alikuwa mtu wa maana, tazama suti yake." Suti yake! Babu aliingia mjini na shati lililotoboka kiwiko, akaazima koti lililoning'inia msumarini kwa Mzee Huseni, akapigwa picha, akalirudisha, akaenda zake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini wahenga hawakuwa na kamera.

Studio ya Mzee Huseni ilikuwa Majengo, mtaa wa Waislamu, ambako babu za watu walifika na misafara na majeshi kutoka kila upande, wakaoa hapo hapo, wakasahau walikotoka. Ilikuwa chumba cha bati chenye dirisha la kioo mbele na kichumba cha giza nyuma kilichonuka dawa. Koti lenyewe mzee alilinunua mnadani, mzungu mmoja mwenye shamba alipokuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Lilikuwa zito, la sufu nzuri, ila mfuko wa ndani ulichanika. Mtu akitia mkono, mkono unapita mfukoni unaingia kwenye bitana, unazama mpaka kiwiko. Wateja walikuwa wakishtuka, kisha wanacheka, na mzee alikuwa anawapiga picha wakati huo huo, kabla kicheko hakijaisha usoni.

Mzee alipoanza kuota mtoto wa jicho, kazi ikamwangukia bintiye, Mwanasiti. Majengo ikachemka. Ati msichana awaambie wanaume wageni, nyanyua kidevu, geuka huku, nitazame! Mzee Huseni akawajibu kuwa kilichoharibika kwake ni macho, masikio bado anayo, na atakuwa amekaa palepale kwenye kiti akisikia kila neno. Basi wakanyamaza, maana kila mtu alikuwa na haja ya picha.

Mafunzo yake hayakuwa ya kamera. Kamera Mwanasiti aliijua tangu utotoni. Kilichomshinda ni wageni. Alikuwa akiwapiga picha nzuri, safi, na zote zilikuwa maiti tupu, watu wamekauka kana kwamba wamesomewa hukumu. Mzee akiipapasa ile picha mkononi na kumuuliza, "Huyu ni nani?" binti hujibu, "Sijui, baba, ni mteja." Mzee anasonya.

"Sikiliza, Siti," akamwambia siku moja. "Uso umefunzwa kudanganya tangu mtoto anaambiwa asalimie wageni. Usimtazame mgeni uso. Mpe koti, halafu mtazame anavyolivaa. Bega halijui uongo."

Mwanasiti akaanza kutazama. Akamwona mteja mmoja mzee anayerudisha mikono yote miwili nyuma kwa pamoja, kama aliyezoea kupekuliwa, akajua huyu alipita kambini wakati wa Hali ya Hatari. Akamwona mwanamume anayesimama na koti mkononi akingoja mtu amshikie, akajua mkewe amefariki na bado hajazoea. Akaona wanaolinusa kwanza. Akaona wanaolivaa mbio mbio wasije wakanyang'anywa. Akishamjua mtu, ndipo anaingia nyuma ya kamera, na picha zake zikaanza kusema. Watu wakawa wanatoka Karatina, wanatoka Othaya, wanapita studio nyingine wanakuja kwa "yule msichana wa Majengo." Naye akajiamini. Alijiamini sana, na mimi simlaumu, maana nani asingejiamini?

Wiki ile bendera ya uhuru ilipopanda, mama mmoja wa Gatitu aitwaye Ngendo alimleta mwanawe wa pekee, Gatimu. Kijana alikuwa mrefu wa wastani, mcheshi, na tangu utotoni alikuwa akibeba debe la maziwa kutoka Gatitu hadi mjini, daima kwa upande mmoja. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Alipovaa koti, upande huo ukamwagika chini mpaka kola ikaenda mshazari.

"Inua bega kidogo, kaka," Mwanasiti akasema.

"Wacha hivyo," Ngendo akadakia. "Hiyo ndio mtoto yangu. Ukiinua bega utanipea mtoto wa mtu mwingine."

Gatimu akatia mkono mfukoni, ukazama mpaka kiwiko, akaangua kicheko. Mwanasiti akapiga. Ikawa ndiyo picha pekee ambayo Ngendo alikuwa nayo ya mwanawe, kwa sababu muda si mrefu Gatimu alikwenda Doldol, kwenye nyika ya kaskazini, kufanya biashara ya mbuzi, na baada ya salamu za mwanzo mwanzo akanyamaza kimya. Wengine walisema mbuzi walikufa naye anaona haya kurudi mikono mitupu. Ngendo aliacha kufunga mlango wake. Majirani walimgombeza, wakamwambia wezi watamwingilia. Alijibu kuwa kijana akifika usiku na baridi hii ya mlimani, hatasimama nje akibisha hodi kama mgeni kwao.

Haya. Mvua ndefu za mwaka wa pili zikaingia. Siku moja mchana, mvua inapiga bati hata husikii mtu, akaingia mgeni. Nje, lori limesimama na injini inanguruma. Alivua sweta yake ya kijani iliyotiwa viraka vya uzi wa kahawia, akaitundika msumarini, akachukua koti, akalivaa taratibu, akajipangusa mabega yote mawili sawasawa. Mwanasiti akamsoma: mtu wa mbali, hana wasiwasi, hana wa kumharakisha. Akapiga. Kabla hajamuuliza jina, lori likapiga honi, mgeni akaruka, akatoka mbio, akadandia nyuma. Lori likaondoka na mgeni, na koti likaondoka na mgeni. Sweta ikabaki msumarini.

Mwanasiti alitukana siku nzima, matusi ya Majengo yale yasiyoandikika. Studio bila koti ni hoteli bila chai. Wateja waliingia, wakautazama msumari, wakaona sweta yenye viraka, wakasema watarudi.

Kisha ukaja msimu wa baridi, ule wa ukungu, ambao Nyeri nzima huamka kana kwamba imefunikwa kwa blanketi la maji na mlima hauonekani wiki nzima. Wanawake waliokwenda kukata nyasi mtoni Chania, chini ya Gatitu, wakaona kitu cha buluu kimenasa kwenye mizizi. Alikuwa mtu. Alikuwa amekaa majini siku nyingi, uso wa kutazamika haukuwepo. Kilichobaki cha kumtambua ni koti.

Sajini Simiyu, polisi mtu wa Bungoma, mpole, mkubwa wa mwili, akatangaza sokoni: maiti amepatikana, kavaa koti la buluu, kola pana, vifungo vya pembe. Alidhani atapata jibu. Lo! Siku iliyofuata ikaja familia ya Karatina ikiwa na picha ya kijana wao aliyepotea, kavaa koti la buluu. Wakaangua kilio. Hawajamaliza, ikaja familia ya Murang'a, nayo na picha, na kijana kavaa koti lile lile. Mwisho akaja Ngendo peke yake, picha ameifunga kwenye kitambaa kifuani. Sajini akazipanga picha mezani. Vijana wale, kila mmoja na uso wake, wote wakamtazama kutoka ndani ya koti moja, na koti lenyewe liko chumba cha pili linachuruzika maji. Alisema baadaye kuwa miaka yake yote ya upolisi hakuwahi kuogopa vile. Akachukua picha, akachukua koti, akaenda navyo Majengo, familia zote zikimfuata nyuma.

"Dada, hii koti unaijua?"

Mwanasiti akalitazama. Hakuligusa.

"Ni letu," akasema. "Ni la studio. Wote hawa waliliazima hapa." Akaeleza habari za mgeni wa lori. Akaingia kwenye chumba cha giza, akatoka na picha ya yule mtu, safi, mabega sawa. "Huyu ndiye wa mwisho kulivaa. Aliondoka nalo mwilini. Maiti wenu ni huyu."

Sajini alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Watu wa Karatina na wa Murang'a walipoambiwa, walirukaruka, wakakumbatiana wasiojuana, wakaondoka wakiimba. Ngendo hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la studio, mikono mapajani.

"Mimi nimeonyeshwa miguu," akasema. "Miguu ni ya Gatimu."

Mwanasiti akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Alimwonea huruma, huruma ya kweli. "Mama, miguu iliyokaa majini inafanana yote. Tazama mwenyewe. Koti liliondoka na huyu hapa. Mwanao yuko Doldol, mwenye koti ni huyu. Picha haidanganyi."

Ngendo aliishika picha ya mgeni karibu na macho, akaitazama muda mrefu. "Picha haidanganyi?"

"Haidanganyi, mama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyo huyo ukimwonyesha kamlango ka matumaini atapita hata kama ni kadogo kama tundu la sindano. Ngendo akacheka, akalia, akamkumbatia Mwanasiti, akambariki kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Tangu siku ile kila siku ya soko alipita studio na nduma, yale magimbi ya mtoni, zimechemshwa na kufungwa kwenye jani la mgomba. "Ni ya mtoto yangu huyu, alinirudishia ule mwingine," alikuwa akisema, na Mwanasiti alikuwa akila.

Maiti akazikwa makaburi ya baraza la mji kama mtu asiyejulikana. Walikuwepo wachimba kaburi, Sajini Simiyu aliyesoma sala ya kwao, na Mwanasiti. Alikuja na kamera. Alipiga picha ya lile tuta, nyuma yake mti wa mkangazi uliopasuliwa na radi na jiwe jeupe mfano wa meza, ili watu wa yule mgeni wakitokea siku moja waweze kuonyeshwa mahali. Na ile picha yake akiwa kavaa koti akaiweka katikati ya dirisha la kioo, labda mtu atapita amjue. Hakuna aliyemjua. Watu wa Majengo walipokipita kioo kile walikuwa wakisema "Inna lillahi" na kuongeza mwendo.

Koti nalo likarudi. Sajini alilileta likiwa limefuliwa na kukauka, limekunjwa vizuri, kwa kuwa mali ya studio ni ya studio. Mzee Huseni akalipokea, akalipapasa kwa vidole vyake, kola, mikono, mabega. Akasimamisha mkono.

"Siti," akasema, "koti hili limerudi na mtu."

"Baba, usianze."

"Mimi nimesema tu."

Mwanasiti alilifungia sandukuni. Lakini wateja hawakukubali. Wenyewe walikuwa watu wa mbali, hawakujua habari za mtoni, wanachojua ni kwamba kwa yule msichana wa Majengo kuna koti zuri. Akalitoa. Wa kwanza kulivaa alikuwa askari mmoja, kifua mbele, amenyooka kama mlingoti. Mwanasiti akampiga. Kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, picha ikaanza kujitokeza kwenye maji ya dawa. Mnajua picha inavyokuja, kwanza weusi wa nywele, kisha macho. Hii haikuja hivyo. Kilichotangulia ni bega la kushoto, limeshuka, kola imekwenda mshazari. Uso wa askari ulikuja baadaye, umekaa juu ya bega lisilo lake.

Akasema moyoni ni sufu, imenywea kwa maji. Akapiga pasi ya makaa na kitambaa kibichi, koti likanyooka. Akamvisha mwalimu wa kike aliyetaka picha ya cheti. Bega la kushoto likashuka. Akamvisha kinyozi, kinyozi akashuka bega. Akabana pini kwa ndani, pini zikaanguka zenyewe moja moja sakafuni mteja akiwa amesimama kimya. Na wateja hawakuona neno! Walilipa, wakafurahi, wakaenda nazo. Picha hizo zipo mpaka leo majumbani, Karatina, Othaya, Nanyuki. Ukiziona, tazama bega.

Basi Mwanasiti, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mabega, alikuwa na habari yote mbele ya macho. Aliitazama picha ya mgeni dirishani, akaona mabega yake yalivyokuwa sawasawa. Aliona. Jicho lilimwambia, moyo ukakataa, kwa sababu kila siku ya soko zilikuwa zinaletwa nduma za moto na mama anayecheka.

Siku moja Ngendo hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje kwenye kioo, ambako Mwanasiti alikuwa amepanga picha mpya kumzunguka yule mgeni. Alikaa nje hata nduma zikapoa. Alipoingia, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Siti, mbona watu yako yote siku hizi wanasimama kama mtoto yangu?"

Mwanasiti akageukia kamera yake. "Koti limenywea, mama. Maji."

"Ati maji," Ngendo akasema. Akaweka nduma mezani, akaondoka. Jioni ile Mwanasiti akaziondoa picha zote kwenye kioo, akabakisha ile ya mgeni tu.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu maziko. Alasiri moja ya ukungu, taa ya chemli imewashwa mapema kwa giza, Mzee Huseni anasinzia kitini, Mwanasiti anafuta lenzi. Mtu akabisha hodi, akasukuma mlango, akasimama akijipangusa umande kwenye mabega, la kulia, la kushoto, sawasawa.

"Nimekuja kuchukua sweta yangu," akasema.

Mwanasiti akamtazama. Akageuka akatazama dirishani, ambako picha ilikuwa imegeukia nje, na mgongo wake wa karatasi ulikuwa pale pale. Akamtazama tena. Lenzi ikamponyoka.

"Audhubillahi! Baba! Baba, amka!"

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Ni yule wa dirishani, baba. Ni maiti."

"Maiti gani?" Mgeni akacheka, kisha akaona kuwa hawacheki, akaacha. "Mimi ni Ogutu. Nachimba visima ya maji na kampuni moja huko juu. Lakini nyinyi watu, mbona mmeniweka hapo nje? Nimefika hapo kwa kona, mama mmoja amenitazama, ametazama dirisha, ametupa mayai chini amekimbia. Kwani nimeiba? Hiyo koti si lori lilinibeba nayo, ningeruka?"

Ogutu alikuwa ametupa macho ukutani, akaona koti msumarini. Uso wake ukachangamka.

"Aaa! Kumbe aliileta! Mimi nilijua ni mtu mwaminifu."

"Nani aliyeileta?" Mwanasiti akauliza, na tayari alikuwa anajua. Alitaka tu mtu amkanushie.

"Yule kijana wa Doldol. Alikuwa anachunga mbuzi ya watu, mbuzi yake ilikuwa imekufa yote. Akaniona na hii koti, akasema, hiyo mimi naijua. Nikasema unaijuaje? Akatia mkono kwa mfuko ya ndani, ikaingia mpaka hapa kwa kiwiko, akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na homa. Akasema anarudi kwao, hata kama hana kitu, mama yake yuko peke yake. Basi nikamwambia, kama unapita Nyeri, vaa hii kwa baridi, halafu urudishie yule msichana wa picha, umwambie Ogutu anaomba msamaha. Mimi nilipelekwa Marsabit, ndio narudi sasa." Akainua mkono wake wa kushoto, akaushusha. "Bega moja ilikuwa imeanguka hivi. Gatimu, jina lake. Wa hapa Gatitu."

Mzee Huseni alikuwa ameinamisha kichwa. "Mpe mtu sweta yake, Siti," akasema. "Halafu chukua kitambaa cha kichwa, nje kuna baridi. Unajua unakokwenda."

Mwanasiti alilikunja koti, akalibeba kifuani kwa mikono miwili. Kwenye mkoba alitia picha ya tuta, mkangazi na jiwe jeupe. Njia ya kwenda Gatitu inateremka hadi mtoni kabla ya kupanda tena, na alipokuwa kwenye daraja la mbao, lisilo na kingo, utelezi mtupu kwa ukungu, hakutazama chini. Alipoinua macho upande wa pili, ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, akaona moshi wa jiko la Ngendo, karibu kabisa, mtu angepaza sauti angesikika. Hapo ndipo alipolia.

Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida yake. Ngendo alikuwa ameinamia jiko akikoleza moto. Aliona koti kabla ya kumwona aliyelibeba, akakaa chini polepole kwenye kigoda.

"Mama," Mwanasiti akasema.

"Sema tu. Mimi nilishaona kwa kioo chako."

Akamwambia yote, Ogutu, mbuzi, homa, kicheko, ahadi ya kulirudisha koti. Kuni zikaanguka jikoni, Ngendo hakuziokota.

"Ile picha ilidanganya, basi," akasema mwishowe.

"Haikudanganya, mama. Ilisema tu mtu yule alivaa koti siku ile. Mengine yote niliyasema mimi. Wewe uliniambia miguu, nami nikakushika mikono nikakukatalia." Akapiga magoti pale mlangoni. "Nikala na nduma zako."

Ngendo hakumwambia ainuke, wala hakumwambia abaki. Alinyoosha mikono, akapewa koti. Akalilaza mapajani, akalipapasa mpaka akalipata bega la kushoto, akalifunika kwa kiganja, akakituliza hapo kama mtu anayelaza mtoto.

"Alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja, mama. Alikuwa ameshafika. Kutoka pale mtoni moshi wako unaonekana."

"Mimi nachota maji pale," Ngendo akasema. "Kila siku." Na hapo akalia, sauti ya juu, ya mtu aliyeweka kilio miaka miwili, na Mwanasiti akalia naye, ng'ombe wa jirani wakaitika kwa hofu zizini.

Walipotulia, Mwanasiti akatoa picha ya kaburi. Akamwonyesha mti uliopasuka, akamwonyesha jiwe. Kesho asubuhi wangekwenda pamoja. Ngendo aliitazama picha kwa karibu, kama alivyoitazama ile nyingine siku ile, kisha akaiweka juu ya koti.

"Hii nayo inasema ukweli?"

"Hii nilikuwepo, mama."

Ngendo akatikisa kichwa kukubali. Giza lilikuwa linaingia, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, unavuka kizingiti, unaingia ndani taratibu kama mwenyeji. Mwanasiti akasimama aage. Mama akamshika mkono.

"Utalala hapa. Sasa huwezi kupita pale peke yako."

Akaenda pembeni, akavuta kutoka nyuma ya mitungi ule mti wa kufungia mlango, ambao haukuwa umeguswa tangu Gatimu aende Doldol. Ulikuwa umejaa vumbi na buibui, na mwisho mmoja umeliwa na mchwa. Akausugua kwa kanga yake. Akasimama kidogo kizingitini, akatazama nje huku na huku, hata njia haikuonekana tena.

"Ngoja nifunge," akasema. "Baridi imeingia hapa siku nyingi."